Maji ya Ukoko

Kule kisiwani kwetu Nosy Be, mama hakukosa kupokea komunyo Jumapili hata moja. Alisema ndiyo inayomvusha wiki, nami nilidhani ni mazoea tu. Alipougua, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, nilimleta kwangu mjini Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, na padri akawa anamletea komunyo nyumbani baada ya misa.

Jumapili moja aliamka koo limemkauka. Nilimpa maji ya ukoko, yale tunayochemsha kwenye sufuria baada ya kupakua wali, naye akanywa nusu kikombe kabla hajakumbuka siku.

"Umeshanifuturisha, mwanangu," alisema. "Nilifundishwa kupokea nikiwa sijatia kitu kinywani."

"Ni maji tu, mama."

"Maji gani yenye wali? Mwambie padri nimelala. Nitapokea Jumapili ijayo."

Padri alikuwa ameshafika mlangoni. Nilimwambia mama amelala, naye akaondoka taratibu. Mama alisikia yote, uso ameuelekeza ukutani.

Alifariki Alhamisi. Baada ya mazishi nilimweleza padri ukweli. Akasema sheria ya mfungo wa kabla ya komunyo ilikwisha kulegezwa, na mgonjwa hazuiwi na kinywaji kama kile. Angemweleza mwenyewe pale kitandani, kwa maneno machache, na mama angepokea.

Mimi ndiye niliyemrudisha padri mlangoni, akiwa amebeba kile ambacho mama alikuwa amekingoja wiki nzima.