Sekunde Ishirini za Bwana Kuramochi

Bwana Kuramochi hakuacha kamwe tabia ya kunyooshea vitu kidole na kuvitaja kwa sauti. Kazini, kama msimamizi wa jukwaa la treni, ilikuwa sheria: taa, milango, saa, kimoja kimoja, ili macho yasimdanganye mtu. Lakini yeye hata chakula alikikagua. Kila asubuhi, kwenye kibanda cha tambi cha Bi Hamuro, pale pale jukwaani katika stesheni ya Kamidaira, alilinyooshea bakuli kidole chenye glovu nyeupe.

"Mchuzi, upo! Kitunguu, kipo! Yai... Bi Hamuro, yai liko wapi?"

"Limepanda treni ya saa moja. Kula bwana, tambi zinavimba."

Walitaniana hivyo miaka kumi na tisa. Bi Hamuro alikuwa mjane, na hakuwa na mtu mwingine wa kumtania.

Asubuhi moja ya Januari treni ilikuwa imesimama, Bwana Kuramochi yuko kando ya kibanda na bendera yake ya kuruhusu treni. Bi Hamuro akafungua dirisha ghafla. Mvuke wa sufuria ukamvaa mzee usoni, miwani ikawa nyeupe pe. Akanyoosha kidole kule saa ilikokuwa siku zote, akapaza sauti, "Saa, sawa!" na kupunga bendera. Treni ikaondoka sekunde ishirini kabla ya wakati.

Hakuna aliyeachwa wala aliyelalamika. Lakini Bwana Kuramochi alijishtaki mwenyewe kwa maandishi, kurasa tatu. Kufikia adhuhuri tangazo la kuomba radhi lilikuwa limebandikwa ukutani, na abiria walilisoma kwa huzuni kama la msiba. Ikasemekana ataondolewa jukwaani, naye kabakiza miaka miwili tu astaafu.

Bi Hamuro alivua aproni, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Ugajin, mkuu wa stesheni.

"Mkuu, kosa ni la sufuria yangu. Naomba radhi." Akainama.

"Hapana, mama, ni langu. Mimi ndiye niliyeruhusu dirisha lile." Naye akainama.

Dereva wa treni ile, aliyekuwa amekuja kuomba radhi zake, akainama pia. Chumba kilikuwa kidogo. Vichwa vitatu vikagongana, ko!

Bwana Kuramochi alikuwa amesimama pembeni. "Mvuke haukupunga bendera," alisema. "Mkono ni wangu."

"Sema ni mimi, we mbishi!" Bi Hamuro alimfokea, akisugua paji la uso. "Watakuacha hapa!"

"Siwezi, Bi Hamuro."

Wakamhamishia stesheni kuu, akatunze miavuli iliyosahauliwa na abiria.

Siku ya kuondoka alipanda treni kama abiria yeyote, wakati huohuo Bi Hamuro akiwa bado anafunga matonge ya wali ya kumpa. Alipotoka mbio na kifurushi, kengele ya milango ilikuwa inalia. Bwana Kuramochi akamwona. Akashuka. Milango ikafungwa nyuma yake, treni ikaenda kwa wakati wake kamili.

Walisimama dakika tisa wakingoja treni ya pili, yeye akila tonge, Bi Hamuro akitazama reli. Kibanda kilifungwa masika yale, kabla mzee hajapata siku ya kurudi kumtembelea, kwa hiyo neno lake la mwisho kwa Bi Hamuro ni lile alilolitoa mlangoni mwa treni ya pili:

"Wakiniuliza kwa nini nimechelewa, nitasema kosa ni lako."