Baba mdogo alionja pombe yangu ya kwanza, sasa ninaogopa kumwangalia machoni

Admin, naomba jina langu libaki kwako, maana watu wa kwetu wanasoma hii page.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, nalima nyanya na ndizi upande wa Mitunguu. Nimepata mchumba kutoka Embu, na wazee wao walisema siku ya kupeleka mahari tuje na muratina, ile pombe ya asali, iliyotengenezwa kwetu nyumbani, si ya kununua. Kwetu hakuna anayejua kazi hiyo. Mama ni mtu wa kanisa, hata hataki kuisikia. Nikaamua kujifunza mwenyewe.

Bibi mmoja mzee, jirani yetu, alinielekeza vizuri. Asali na maji ya uvuguvugu, tunda la muratina lililokaushwa, kisha uweke karibu na moto. "Usikaze kifuniko," akaniambia, "pombe inapumua, itapasua chombo. Na hicho chombo kiwe kimebeba maji au asali peke yake."

Hapo ndipo nilikosea. Kibuyu changu kilikuwa kidogo, nikatoa mtungi wa plastiki kwa store. Nilijua ulikuwa wa dawa ya kunyunyizia nyanya. Niliuosha mara tatu kwa sabuni na maji moto, nikanusa, sikusikia kitu. Nikajiambia umetakata.

Siku ya tatu baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, akapita kwangu mchana. Sisi wawili tumekosana juu ya mpaka wa shamba zaidi ya mwaka, na kijiji kizima kinajua. Siku hiyo alikuja kwa amani. Akasema, "Nionjeshe, nijue kama utatuaibisha huko Embu." Akanywa vikombe viwili akasifu. Mimi nilikuwa bado sijaonja.

Kabla jua halijashuka mama mdogo, mke wake, alinipigia simu analia. Nilimkuta mzee anatoka jasho na mate, anatapika, mikono inatetemeka. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akammulika macho, akauliza, "Huyu alikuwa ananyunyiza dawa leo?"

Nikajibu haraka, "Ndiyo, daktari. Nyanya."

Mama mdogo aligeuka akaniangalia. Mzee hakuwa ameenda shambani siku hiyo, na yeye anajua. Mpaka leo hajasema, ila nikiingia ananifuata na macho.

Walimtibu kama mtu wa sumu ya shamba na Mungu akasaidia, akaanza kupata nafuu. Ile pombe niliimwaga kwa shimo la choo, mtungi nikautoboa, safari ya Embu nikaahirisha. Mchumba wangu anauliza kila siku kama nimebadilisha mawazo.

Jana nilienda kumwona mzee hospitalini. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, ningekufa na maneno ya mpaka moyoni. Nikitoka hapa, mambo hayo yameisha. Na ile pombe yako ilikuwa tamu, umeniwekea?"

Nilitoka nje nikakaa chini.

Nikisema ukweli, nani ataamini sikumwekea sumu kwa ajili ya shamba? Nitapelekwa polisi, na wazee wa Embu hawatanipa binti yao. Nikinyamaza, mama mdogo anaweza kuamka siku moja aseme, na uongo wangu kwa daktari ndio utanizika. Usingizi umenipotea. Nikisikia gari likisimama barabarani, nachungulia kama ni polisi.

Wewe unayetaka kutengeneza pombe nyumbani mara ya kwanza, tafadhali, chombo kilichobeba dawa hakioshwi kikatakata. Na ukimaliza, onja wewe kwanza kabla ya kumpa mtu.

Kesho asubuhi mzee anaruhusiwa kwenda nyumbani, na familia imenituma mimi nimchukue. Tutakuwa wawili tu njia nzima. Nimwambie, au nianze na mama mdogo? Wenye hekima, niambieni, nifanye nini?