Wimbo Uliotundikwa Peke Yake

Mawese yakichemka jikoni, harufu ikanipanda puani, basi mimi huyo niko Ujiji tena, nimeshika upindo wa khanga ya bibi yangu, na watu wanapigana. Siku ile akina mama walikuwa wakikaanga maandazi uani, kwenye nyumba ya kale yenye mlango wa nakshi. Ilikuwa inafunguliwa iwe makumbusho ya fasihi ya mji wetu.

Msimamizi, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alikuwa ametundika ukutani wimbo wa bibi, ndani ya kioo:

*Mgomba usio ndizi, panga lake liko wapi?*

Bibi alimtungia Bi Mwajuma wa Rusimbi, kiongozi wa ngoma pinzani. Bi Mwajuma hakujaaliwa mtoto.

Kwetu kusutana ngomani kulikuwa na adabu yake, ati! Ukisuta, unangoja usutwe. Majibu yakishaimbwa, asubuhi mnakwenda pamoja ziwani kufua. Yule bwana, masikini, alitundika ule uliomchekesha, majibu akayaacha.

Bi Mwajuma aliingia na mchi, akitukana kwa Kiha. Kioo kilipasuka kwanza. Kisha mchi ukamshukia bibi mkononi, nikasikia mfupa, ko! Bibi akamrukia, akamng'ata sikio, damu ikamtiririka mwenzake hadi kifuani. Na ndio hao hao waliotuchapa sisi kwa kurushiana mawe! Msimamizi alijibanza nyuma ya mlango. "Mama zangu, jamani, mama zangu!"

"Mnanitundika wajukuu wa watu waje wanisome!" Bi Mwajuma alilia. "Nikifa, mimi nani atanijibia?"

Bibi akamwachia. Akaketi sakafuni penye vipande vya kioo, mkono umening'inia, akamwita msimamizi. "Njoo uandike na la mwenzangu."

Akaanza kuyatamka yeye mwenyewe majibu aliyoimbiwa:

*Ulizaa ukazika, nyumbani kwako walia...*

Sauti ikamkatika. Bi Mwajuma, kashika sikio, akamalizia polepole:

*Mimi mimba sikushika, na msiba sikulia.*

Nilimwonea bibi aibu, wallahi. Niliona kashindwa vita, tena mbele za watu. Nilikuwa mtoto, sijazaa wala sijazika. Leo nimeshamzika mwanangu, na ndipo nilipojua kwamba maneno yale yalimuuma kuliko ule mchi, naye alitaka yatundikwe.