Tulikata Umeme Siku ya Sendofu

Nakumbuka Jumamosi moja pale Tegeta, mwanangu, siku tuliyokata umeme kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya dada yangu mwenyewe. Nakusimulia kwa sababu juzi ulinilalamikia kwamba umechoka kukagua mitambo ambayo haijaharibika. Nilikuelewa kuliko ulivyodhani.

Wakati huo nilikuwa fundi kijana kwenye kampuni ya kukagua vifaa vya umeme. Tulipita mtaa kwa mtaa na kamera ya kupimia joto, tukiielekeza kwenye nyaya na transfoma. Kiungo kilicholegea hupata joto muda mrefu kabla hakijaachia, na kwa macho tu huwezi kujua. Wapita njia walitushangaa, watu wazima tumesimama barabarani tunapiga picha nguzo.

Asubuhi ile zamu iliangukia mtaa wa kwetu. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Komba, mtu wa Songea, mpole, asiyependa papara. Aliielekeza kamera kwenye transfoma inayolisha nyumba zetu, kisha akanipa nami nitazame. Kiungo kimoja kilikuwa cheupe pee kwa joto kwenye kioo, vingine vyote vimetulia. Chini yake, kamba ya turubai la sendofu ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ileile, na vijana wameshaanza kupanga viti. Nikawaza spika, mafriji ya soda na taa za mapambo, vyote viwashwe kwa pamoja jioni.

“Hiki kinaweza kumaliza mwezi,” alisema Mzee Komba, “na kinaweza kuachia leo mzigo wa umeme ukizidi. Tunakata, tubadilishe. Lakini nenda kamwambie dada yako kwa mdomo wako mwenyewe. Asisikie kwa watu.”

Nilimkuta Upendo barazani, anasukwa.

“Anna, acha utani,” akasema, akinionyesha balbu juu ya mlango. “Taa si hiyo inawaka? Mnakataje kitu kizima?”

“Bado kizima, dada. Ndiyo maana tunaweza kukiwahi.”

“Basi kesho! Wakwe zangu wametoka Mbeya, nyie mnaniletea ishu za nguzo?”

Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Alinitazama, akamtuma kijana akakodi jenereta.

Tulikata. Kifaa cha kubadilisha kilichelewa kufika kutoka stoo. Jenereta ya kukodi ilikohoa na kuzimika keki ikiletwa mezani, na MC alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Umeme ulirudi wageni wakitafuta mikoba yao. Hakuna kilicholipuka, hakuna aliyeungua, kwa hiyo hakuna aliyeniamini. Siku ya harusi Upendo alinipa mkono kama anavyompa mgeni wa mtu mwingine, na baada ya hapo akaacha kunipigia simu. Iliniuma sana, mwanangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

Jumatatu nilimwambia Mzee Komba, kwa hasira, kwamba afadhali tungeiacha ile transfoma ilipuke, wote waone.

Hakupaza sauti. “Kwa hiyo unataka watu waungue ili wewe uonekane mkweli?” Akafuta kioo cha kamera kwa kitambaa. “Binti yangu, kazi hii ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Nani atakushukuru kwa moto ambao hakuuona? Kama shukrani unaitaka sana, nenda kazime moto. Huku kwetu utakaa sana bila kuipata.”

Ikapita miaka. Upendo na mumewe wakajenga Boko. Siku moja simu ikaita, na sauti niliyoikosa kwa muda mrefu ikasema, bila hata salamu, “Ile kamera yako bado unayo?”

Nilikwenda. Nyumba bado inanuka rangi. Nikaangalia meinswichi, soketi na swichi zote, yeye akinifuata nyuma. Kwenye chumba cha watoto akanirudisha niangalie tena.

“Hakuna kitu,” nikamwambia.

“Una uhakika?”

“Hakuna kitu, dada.”

Akashusha pumzi. “Haya. Basi leo watoto walale humu.” Samahani hakusema mpaka leo, na mimi sijaidai.

Kwa hiyo kagua, mwanangu. Kagua kitu kikiwa bado kizima, na ukiona dalili, sema, hata kama siku yenyewe ni mbaya na unayemwambia unampenda. Nenda mwenyewe, uso kwa uso. Usingoje moto uje kukutetea. Wala sisemi transfoma peke yake: kikohozi cha baba yako, ukimya wa mwenzako mezani, navyo viangalie mapema. Watakununia. Vumilia.

Mungu akupe jicho la kuona kabla, na kifua cha kubeba lawama. Akujalie jioni nyingi za kurudi nyumbani, ukaulizwa leo kazini kumetokea nini, nawe ukavua viatu na kujibu: hakuna kitu.