Picha Iliyomnenepesha Shemeji

Mimi ni fundi wa televisheni hapa Kasongo. Kazi hii nilijifunza Bukavu, nikarudi na sanduku la bisibisi na koleo, na tangu hapo watu huniita kila antena inapoangushwa na upepo. Nataka kueleza nilivyomfanyia mke wa kaka yangu. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilinyamaza tu, na ikatosha.

Kaka yangu, ambaye sisi wadogo zake tunamwita yaya, alikuwa akipeleka nguo na sabuni Salamabila kwa wachimba dhahabu. Kazi yake ilikuwa nzuri. Mwaka ule mlingoti mpya ulisimamishwa kilimani, ukaanza kurusha picha za dijitali, safi, zisizo na chenga. Yaya akanunua skrini bapa, pana kama mlango uliolazwa. Mimi ndiye niliyeifunga ukutani nyumbani kwa mama, walikoishi yaya na mkewe, nikasimamisha antena juu ya mwanzi, nikaunga dekoda kwenye betri ya jua. Majirani walijaa sebuleni hadi wengine wakabaki nje, wakichungulia dirishani.

Lakini yaya hakuridhika. Chaneli ya jimbo, inayotoka Kindu, ilikuwa bado inatumia kamera za zamani. Picha zake zilikuwa na umbo la zile televisheni nene za zamani: nne kwa upana, tatu kwa kimo. Skrini yake ilikuwa ya kumi na sita kwa tisa. Dekoda ilifanya inavyopaswa kufanya, iliweka picha katikati na kuacha ukanda mweusi kushoto na mwingine kulia.

"Hii nyeusi ni ya nini?" aliniuliza. "Nilinunua skrini nzima. Mbona inanionyesha kipande?"

Nilimweleza taratibu. Chukua kimo cha tisa, nikamwambia. Kwa kimo hicho, picha ya zamani ina upana wa kumi na mbili. Skrini yako ina kumi na sita. Zile nne zinazobaki hazina picha, ndiyo maana ni nyeusi. Ukiilazimisha ijaze, haitakuonyesha kitu zaidi. Itavutwa kama ngozi inavyovutwa juu ya ngoma, na kila kitu kitaongezeka upana, theluthi nzima.

"Jaza," alisema.

Nikabonyeza kitufe kimoja cha telekomande. Mtangazaji wa habari akaota mashavu. Mpira wa timu za jimbo ukawa yai. Chaneli nyingine, zile zinazopiga picha kwa upana wa kisasa, hazikuharibika, ni hiyo moja tu. Wiki ya kwanza watu walicheka. Wiki ya tatu hakuna aliyecheka, macho yalikuwa yamezoea. Nilisikia wanaume wakibishana kuhusu penalti huku lile yai likibingirika mbele yao, na hakuna aliyeona ajabu.

Mke wa yaya hakuwapo kuona haya yote. Alikuwa amekwenda Kindu kujifunza kushona, mafunzo ya miezi minane. Alitoka Wamaza, kwa watu wa mpunga na mihogo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ulimi wake haukuwa na breki. Miaka minne alikuwa ameolewa bila kupata mtoto. Mama hakuwahi kumtamkia neno juu ya hilo, lakini kila mwezi alimtazama anapokwenda kufua, na sote tulielewa alichokuwa anakitazama.

Mimi nilikuwa na kinyongo naye. Siku moja, mwaka mmoja kabla, nilikuwa kibandani kwangu na msichana niliyetaka kumuoa, pamoja na kaka zake wawili. Shemeji akapita, akaona nimefungua redio ya mtu, akasema, "Shemeji, wewe ukiponyesha redio moja, mbili zinakufa." Wale kaka walicheka hadi wakashikilia meza. Msichana naye alicheka. Hakurudi tena. Labda kulikuwa na sababu nyingine, sijui, lakini mimi nilikwisha kumpata wa kumlaumu.

Jumapili moja mchana, chaneli ya jimbo ilionyesha sherehe ya kufunga yale mafunzo. Shemeji alikuwa amepiga simu kutuambia tuangalie. Tulikuwa watu wengi: mama, yaya, shangazi yetu, na majirani wanne au watano. Wanawake wa Kindu walipanga mstari wakiwa wamevaa magauni ya kitambaa kimoja, mapana, yasiyobana kiunoni. Shemeji aliitwa wa kwanza. Alitembea hadi mezani, akapokea cheti chake, akageukia kamera akitabasamu.

Alikuwa mnene. Uso ulikuwa wa duara, mikono ilijaa, na gauni lilifura mbele.

Mama alisogea hadi karibu na skrini. "Muone tumbo," alisema.

"Huko Kindu wanakula vizuri," jirani mmoja alijaribu. "Hata wenzake ni wanene."

"Lile si la chakula," mama alijibu. "Chakula hakikai pahali pamoja. Iko na mimba, ya miezi mine, mitano."

Shangazi akaanza kuhesabu kwa vidole miezi ya safari yake, polepole, makusudi, ili kila mmoja amuone. Alipofika kidole cha nane akakiacha kimesimama. Muda wote ule yaya hakuwa amefika Kindu hata mara moja. Mvua, barabara, biashara, kila mwezi kulikuwa na sababu.

Telekomande ilikuwa kwenye mkeka, karibu na goti langu. Ningebonyeza mara moja tu na picha ingerudi katika umbo lake, na shemeji angekuwa vilevile kama alivyoondoka, mwembamba kama mwiko. Nilijua hivyo tangu neno la kwanza la mama. Mkono wangu haukwenda. Nilikumbuka vicheko vya wale kaka wawili, nikajiambia, acha aonje kidogo leo, kesho nitasema.

Yaya alinyanyuka, akatoka bila viatu. Nilimsikia uani akipiga simu. Mawasiliano yalikuwa mabaya, akawa anaongea kwa nguvu, nasi sote tukasikiliza.

"Iko habari gani huko?" aliuliza. Kisha, "Nini? Unaniletea nini?" Akakata.

Alirudi ndani. "Anacheka," alisema. "Anasema iko na kitu ananiletea, hataki kusema ni nini, nitakiona kwa macho."

"Umeshakiona," mama akamwambia.

Kesho yake sikusema. Chaneli ilirudia ile sherehe saa nne asubuhi, na mama aliwaita wanawake wa mtaa waje kuangalia. Mimi nilibaki kibandani. Kutoka pale nilisikia sauti zao zikipanda kwa pamoja, na nikajua ni pale alipogeukia kamera. Nikaendelea kuchomea waya. Siku ya tatu vitu vyake vilifungwa kwenye magunia: sufuria, vitenge, mto wake, hata ufagio. Mama alisema ufagio pia, usibaki. Pikipiki mbili zilivipeleka Wamaza kwa baba yake, pamoja na ujumbe kwamba binti yao akitafutwa, atafutwe kwa mwanamume mwenye tumbo lile.

Yeye mwenyewe alifika baada ya wiki, akiwa na vumbi la safari hadi kwenye kope. Nilikuwa pale, nikikaza waya wa antena. Alishuka kwenye pikipiki amekumbatia mzigo uliofungwa kwa blanketi, akauweka chini kwa uangalifu, akaufungua. Ilikuwa cherehani. Kindu walikuwa wamempa kwa kuwa wa kwanza. Ndicho kitu alichokuwa akimletea yaya.

"Jambo, mama," alisema.

Alikuwa mwembamba kuliko alivyoondoka. Mifupa ya shingo ilionekana. Nilishusha pumzi, nikafikiri jambo limekwisha lenyewe, maana kila mwenye macho alikuwa anamuona.

Mama hakuitikia salamu. Alimtazama tumboni kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Umemuacha wapi?"

"Nani, mama?"

"Yule tuliyemuona kwa televizyo. Tulikuwa wengi, usifikiri nilikuwa peke yangu. Ulikuwa naye Jumapili ile, leo hayupo. Umemtupa wapi, mutoto wa watu?"

Hilo sikulitazamia. Nilidhani wembamba utamwokoa, kumbe ulimwongezea kosa la pili.

Shemeji alicheka kidogo, kama mtu anayengoja aambiwe ni mzaha. Yaya alitoka akasimama mlangoni. Shemeji akamuuliza, "Mama anasema nini?"

"Vitu vyako viko Wamaza," yaya alisema, akiitazama cherehani.

Ndipo shemeji akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama ukutani na koleo mkononi. "Shemeji," alisema, "wewe uliona nini?"

Nimerudia swali hilo kichwani mwangu mara nyingi, na kila mara najibu vizuri. Siku ile nilisema, "Niliona picha tu."

Alinitazama, akingoja niendelee. Sikuendelea. Alifunga cherehani yake ndani ya blanketi, na kwa kuwa mwenye pikipiki alikuwa bado anakunywa maji barabarani, akapanda pikipiki ileile iliyomleta. Hakulia mbele yetu. Mama alifuata nyuma hadi barabarani, akamwaga maji pale shemeji aliposimama, kuosha nyayo zake.

Alasiri ileile nilimwita yaya mbele ya skrini tukiwa wawili. Chaneli ya jimbo ilikuwa hewani, mwanamume mmoja akisoma matangazo. Nilibonyeza kitufe. Mwanamume akakonda, kanda nyeusi zikatokea pembeni. Nikabonyeza tena. Akanenepa, kitambi kikamtoka. Nilifanya hivyo mara tatu.

Yaya si mjinga. Aliketi chini kwenye mkeka.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu siku nilipoiweka. Nilikueleza."

"Jumapili ile ulijua?"

"Nilijua."

Nilitegemea anipige, na ingekuwa nafuu. Alichukua telekomande mkononi mwangu, akarudisha picha ijae skrini nzima. "Iache hivi," alisema.

"Yaya, twende Wamaza. Nitasema mimi mwenyewe mbele ya baba yake."

"Useme nini, mudogo? Kwamba nilimfukuza bibi yangu kwa sababu ya kitufe? Watu watanicheka mpaka nife. Na wakishamaliza kucheka watauliza swali lingine." Aliweka telekomande mkekani. "Miaka mine, hakuna mutoto. Mimba ikiwa ya uongo, sasa watamtafuta nani?"

Nilimwelewa. Ile wiki moja aliyoamini kwamba mkewe alishika mimba ya mwingine ilikuwa imemwonyesha jambo alilokuwa akilikwepa kwa miaka minne, kwamba kasoro huenda iko kwake. Ile hadithi ya mtoto aliyetupwa ilimfaa zaidi kuliko ukweli wangu. Ndani yake alikuwa mume aliyekosewa, na watu wenye hasira na mke hawaulizi kasoro ni ya nani.

Alioa tena kabla ya mavuno ya mpunga. Yule mke mpya alizaa mtoto wa kiume mwaka uliofuata. Siku ya arobaini mama alimbeba mtoto mlango kwa mlango, akisema, "Mumeona? Mutoto wangu hakuwa na ugonjwa." Nilikula wali wa sherehe ile. Ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo.

Nilimwona shemeji mara moja tu baadaye. Nilikuwa nimeitwa Salamabila kufunga skrini katika baa moja ya wachimbaji. Nikiwa natafuta misumari sokoni, nikamkuta chini ya kibanda cha turubai, mkono kwenye mpini wa cherehani ileile, akirekebisha suruali ya kazi iliyochanika magotini. Wanawake watatu walikuwa wakingoja zamu.

Nilimsalimu. Aliitikia bila kusimamisha gurudumu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayetapika: skrini, kamera za zamani, kumi na mbili iliyovutwa kuwa kumi na sita, tumbo ambalo halikuwapo. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Huko kwetu Wamaza walinipeleka kwa muganga," alisema. "Baba alitaka kujua mutoto nilimzika wapi, ili wamwombee. Walinilaza chini, wanawake sita. Walinishika miguu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyotaja bei ya kitambaa. "Nilikuwa nawaambia, hakuna kitu. Wananiambia, tumesikia mulionekana wawili."

"Nisamehe, shemeji."

"Ulijua siku ile? Nilipokuuliza pale uani?"

"Nilijua."

"Na kabla ya siku ile?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Nilimtajia ile redio. Nilimkumbusha maneno yake, msichana, na vile vicheko. Nilipoyasikia yakitoka mdomoni mwangu yalikuwa madogo sana, hata nilitaka kuyarudisha. Alikunja uso akijaribu kukumbuka.

"Sikumbuki," alisema.

Alikung'uta suruali, akaikunja, akamkabidhi mwenyewe. Mwanamke aliyefuata kwenye zamu alisogea na gauni lake, akamuuliza kwa sauti ndogo mimi ni nani.

"Fundi wa televisheni," alimjibu, na akaanza kumpima mabega.