Saa Inayosema Kiswahili

Kwetu mimi ndiye mleta vipya. Kwenye kundi la simu la ukoo, ujumbe wa "hebu jaribuni hiki" huwa ni wangu. Dada yangu hujibu, "Kipya kinyemi ingawa kidonda," kisha anajaribu. Hata leo siachi kuwapigia debe wale mabinti wa mtaa wa Ng'ambo wanaopiga kidumbaki, ile taarabu ya mitaani, ukumbini kwao na kujirekodi kwa simu tu, na yule mpiga sanduku wao, lile la besi la uzi mmoja, asiyejua kutabasamu. Nausifu pia, kwa tahadhari, ule mtandao unaosafisha kanda za zamani: unaupa sauti, unakurudishia imeoshwa. Niliutumia kwa kanda ya harusi moja ambako baba yangu alipiga fidla. Mchakacho wote ukaondoka, na vigelegele navyo vikaondoka, maana mashine ilivihesabu kuwa kelele. Baba aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza wanawake wamekwenda wapi.

Kitu cha tatu ni saa, na hiyo sijui niisifu vipi.

Baba amekuwa mtu wa kuulizwa saa maisha yake yote. Mtaani watu walikuwa wakimsimamisha kumwuliza, naye akiinua mkono polepole, kwa raha, kama mtu anayetoa sadaka. Kisha presha ya macho ikamchukulia nuru yote, likabaki jicho la kushoto linalotambua mwangaza wa taa ukiletwa karibu. Ikawa yeye ndiye wa kuuliza, na kuuliza kulimtia haya. Alizunguka: "Adhana bado?" au "Watoto hawajarudi chuoni?" Sote tulijua anachotaka. Iliniuma kuliko upofu wenyewe.

Basi nilipoiona mtandaoni saa ya mkononi inayosema ukiibonyeza, niliiagiza siku hiyo hiyo. Ilikuja ikisema Kiingereza, naye hakukipenda. Nikatafuta mpaka nikapata mahali pa kuitilia sauti ya Kiswahili. Ilikuwa Ramadhani. Niliitia baada ya daku, nikaibonyeza kujaribu, yule bibi wa ndani ya saa akasema, "Saa tano kamili." Kwenye kioo palikuwa na tano. Macho yaliona tano, masikio yakasikia tano, nikaridhika. Mimi, mzaliwa wa Unguja, ambaye nikiona tano ya alfajiri ulimi wenyewe husema saa kumi na moja. Nikamvisha baba, nikamwambia sasa hana haja ya kumwuliza mtu. Aliishika kwa vidole vyote.

Asubuhi hiyo mvua ya masika ilinyesha bila kukatika na chumba kikawa baridi. Mimi nilikwenda kazini. Baba alilala tena, usingizi mzito wa mfungaji mzee. Dada yangu, anayekaa naye, alipoona amelala alitoka kwenda Darajani kutafuta mihogo ya futari. Baba alipoamka nyumba ilikuwa kimya. Akaibonyeza saa. Bibi akamwambia saa kumi na mbili na nusu. Na hapo hapo, msikiti wa jirani ukaadhini.

Ilikuwa adhuhuri. Lakini mtu asiyeona atajuaje? Saa imesema magharibi, mwadhini naye kaadhini. Mashahidi wawili. Akapapasa mfuko wa tende kando ya kitanda, akasoma dua, akafuturu.

Dada alimkuta na kikombe cha maji mkononi, mchana kweupe dirishani. Kabla hajasema neno, baba alimwambia kwa furaha kwamba leo saumu imekuwa nyepesi, alhamdulillahi, na mbona hawaji kula. Dada akakaa chini. Alinipigia simu huku akilia, nikaja mbio na mvua yangu mwilini.

Nilimweleza baba kilichotokea. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nikaanza kumwambia kuwa aliyekosea bila kujua hana dhambi, kwamba ni siku moja tu ya kulipa, na kwa umri wake hata kufunga si lazima. Akanikatiza.

"Hukumu yake naijua, mwanangu. Mie nnauliza saa. Sasa hivi saa ngapi?"

Nikamwambia saa nane kasorobo. Akaitikia kwa kichwa, lakini si kwa kuniamini. Ni kwa adabu tu.

Jioni ile nilipekua mipangilio yote ya saa ile. Waliomfundisha bibi yule Kiswahili walimpa maneno, hawakumpa saa zetu, na hakuna pa kumfundisha. Mwishowe nikagundua hila: nikiiambia saa kwamba ipo Brazili, inarudi nyuma saa sita, na inasema sawasawa na sisi. Nilifurahi kama mjinga. Nikamkimbilia baba, nikambonyezea asikie.

Akacheka kidogo. "Yaani mie nkae Unguja, nfuturu Brazili?"

Kisha akaivua. Aliutafuta mkono wangu, akaufungua kiganja, akaiweka humo. "Vaa wewe, mwenye macho."

Nilimbembeleza, dada akambembeleza. Hakukasirika, hakulaumu, ndiyo maana sikuwa na la kushika. Saa ingali kwenye droo ya kabati langu, ipo Brazili, inasema kweli. Ukiwa na mzazi asiyeona nunua, ni saa nzuri, lakini isikilize kwanza.

Siku zote zilizobaki za Ramadhani ile nilikwenda kufuturu kwake. Mwadhini anaadhini, dada anamwambia baba tayari, mimi namwambia kiza kimeingia, na tende tumeshamtia mkononi. Haipeleki kinywani. Anageuza sikio upande wangu, anangoja anisikie mimi ninakula kwanza.

Sina la kufanya. Natafuna kwa nguvu.