Nyuma ya Lori

Juzi, hapa Mbarara, rafiki yangu ninayeunda naye magari madogo ya mapambo alilipima lori langu jipya kwa rula, akacheka, akiniita bwana kwa lugha ya huku. "Sebo, huku nyuma ni ndefu sana. Hakuna lori kama hii." Niliona haya ile ile niliyoiona utotoni, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Alasiri moja kule kambini, kwaya ya Rubondo, mtaa wetu, ilikuwa ikifanya mazoezi. Nilikuwa nimemaliza lori langu la kwanza, la mkebe wa mafuta, na mikono ilininuka mpira wa ndala nilizokata kuwa magurudumu kwa kisu cha moto. Nilimpelekea Papa, aliyekuwa dereva wa lori kule Kivu. Aliligeuzageuza.

"Juu ya nini huku nyuma ni kafupi hivi? Batu batakaa fasi gani?"

Hakungoja nimwambie watu wangekaa wapi; akanirudishia, akaingia ndani. Nilidhani kazi yangu imemtia aibu. Nikalificha chini ya kitanda, uso ukiniwaka.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponiambia kwamba siku tuliyokimbia vita kule Kivu, Papa aliondoka na lori lililojaa watu, na dada yake akabaki barabarani akiwa ameinua mkono.

Juzi, baada ya kucheka, rafiki yangu alinipa msumeno nipunguze. Niliushika tu, nikiona haya kumwambia nafasi ile ya nyuma ni ya nani.